Kona Kumi na Moja

Wewe unayenisikiliza, umewahi kubeba jicho la mtu kwenye pikipiki? Sisemi kumbeba mtu. Mtu anabebwa kila siku, na mkungu wake wa ndizi, na mbuzi wake mapajani. Nasema jicho, lenye nyuzi ndani yake, ambalo umeambiwa lisitikiswe.

Jicho lenyewe lilikuwa la Mektrida wa Uru, la kulia, na ndilo pekee lililobaki. La kushoto lilishazimika, limekuwa jeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Hili la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, daktari akamtoa Ijumaa moja ya Januari, mwaka ule wa mvua za Elnino zilizokata daraja, gari zikawa hazipandi Uru wala hazishuki. Jumanne asubuhi Mektrida alikaa kwenye benchi la korido ya hospitali mjini Moshi. Alivaa gauni la maua la kanisani na sweta ya kijani, na juu ya jicho alibandikwa kikombe kidogo cha bati chenye matundu, kimeshikwa kwa plasta mbili. Alikuwa na miaka sabini na moja. Mikono aliilaza mapajani, akawa anavuta uzi mmoja uliochomoka kwenye pindo la khanga.

"Asiiname," muuguzi aliwaambia wanawe. "Asinyanyue hata sufuria. Akikohoa, akohoe polepole. Na asitikiswe. Mle ndani kuna nyuzi tano, nyembamba kuliko unywele. Zikikatika, sisi hatuna la kufanya. Kila Jumanne mleteni aangaliwe, mara nne. Mnakaa wapi?"

"Uru," alisema Filemon, kitindamimba wake.

"Huko juu? Na daraja limekatika, mnapandaje?"

"Nina pikipiki." Alisema vile mtu anavyosema nina gari.

Muuguzi alimtazama tangu kofia mpaka viatu vya mvua. "Mimi ningekuwa ninyi, angekaa mjini hizo wiki nne. Hamna ndugu hapa?"

"Nipo mimi," alisema Pamela, binti wa kwanza wa Mektrida. "Nakaa Njoro, robo saa kwa miguu. Mama atalala na mimi chumbani. Mathew atalala sebuleni."

Mathew, mumewe, alikuwa mtu wa Dodoma aliyekuja Moshi kutafuta kazi ya kiwandani. Aliitikia haraka. "Hata kwenye mkeka nalala, shemeji. Mama ni mama."

Filemon alicheka kidogo, kicheko cha kumwonea mtu huruma. "Mathew, kwenu sijui mnafanyaje. Kwetu mama mkwe hapiti hata kwenye mlango wa chumba cha mkwe wake, sembuse kulala kitandani kwake. Watu watanicheka. Watasema, Filemon, kihamba cha baba yako, nyumba na migomba yake, si ulipewa wewe, wa mwisho, ili umtunze mama? Imekuwaje anatunzwa na chasaka?"

Neno hilo ni la mtu asiye wa mlimani. Mathew alilijua, alikuwa amelisikia kwa miaka minane. Akaangalia viatu vyake.

"Mimi nilikuwa..." alianza Mektrida.

"Usiongee sana mama," alisema Bernadetha, mke wa Filemon, akimfunika mabega vizuri. "Wamesema usijikaze."

Mektrida akafunga mdomo. Uzi wa khanga ulikatika, akauzungushia kwenye kidole.

Pikipiki ilikuwa nyekundu, na Filemon aliipata alipopunguzwa kazi. Miaka kumi na sita alikuwa mpimaji wa kahawa kituoni: anaingiza mkono kwenye gunia, anang'ata punje, anasema hii pita, hii rudi nyumbani ikakauke. Siku moja wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, kituo kikafungwa. Yeye badala ya kiinua mgongo akapewa ile pikipiki aliyokuwa akizungukia mashambani, imechakaa tayari. Kuendesha alijifundisha mwenyewe. Alijua kwenda na kusimama. Cha katikati hakukijua.

Kutoka lami inapoishia mpaka kwa Mektrida kuna kona kumi na moja, maana njia inapanda ikijipinda kufuata mfereji. Mektrida alikaa upande, miguu yote kushoto, kama mama wa kanisani anavyotakiwa kukaa, mkono mmoja kiunoni kwa mwanawe na mwingine umeshika chuma cha nyuma. Mahali pa kunyooka walikwenda vizuri. Ilipofika kona, Filemon alifunga mafuta yote kwa hofu. Pikipiki ikarudi nyuma kama mbuzi aliyekazwa kamba. Katikati ya kona akaona inazimika, akafungua. Mkono wa mafuta ukazunguka bure upana wa kidole bila kushika kitu, halafu ukashika wote kwa pamoja, na pikipiki ikaruka.

"Yesu," alisema Mektrida, paji la uso likigonga mgongo wa mwanawe.

"Pole mama. Barabara mbaya."

Kona ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Alipofika ya tisa, ya mti wa mringaringa, pale mfereji unapopita chini ya barabara, mzee mmoja alisimama kando na kunyanyua fimbo. Filemon alimwona lakini alikuwa anapambana na mkono wa mafuta. Akapiga honi, akapita.

Nyumbani Mektrida alikalishwa kwenye kigoda mlangoni. Chozi lilikuwa limetoka chini ya kikombe cha bati likakaukia shavuni.

"Inauma, mama?" aliuliza Filemon.

"Haiumi," alisema Mektrida. Baada ya kitambo akasema, "Si sana."

Jioni, kabla ng'ombe hajakamuliwa, mzee wa fimbo aliingia uani. Alikuwa Mzee Kastori, kaka wa marehemu baba yake Filemon, na ndiye aliyeangalia mgawo wa maji ya mfereji, kwa hiyo kutwa alikaa pale chini ya mringaringa. Mtu wa kukaa mahali pamoja kutwa anaona nani kapita na kapita vipi.

"Shikamoo baba mkubwa," alisema Filemon akiinuka.

"Marahaba. Kumbe unaijua." Akakataa kigoda. "Leo nimenyanyua fimbo nikusalimie, nimpe pole mama yako. Umepita kama aliyesimama ni mti."

"Nilikuwa kwenye kona, baba mkubwa."

"Kona! Baba yako alikuwa akinikuta njiani ana gunia kichwani, anashusha gunia."

"Anasema alipiga honi, baba," alisema Bernadetha kwa sauti ndogo.

"Nikapigiwa honi. Mimi kuku?" Mzee Kastori akaangalia pembeni. "Hiyo ya leo nasamehe. Wiki iliyopita ndiyo sijasahau. Ulinipungia mkono wa kushoto. Wa kushoto, Filemon! Mbele ya Yuditha na wanawake wote wa jumuiya. Wakacheka. Yuditha akasema, mzee, mwanao anakufukuza kama nzi."

Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mafuta, Filemon alitaka kueleza, lakini akaona itakuwa kama kubishana. "Nisamehe baba mkubwa. Haitajirudia."

"Umepunguzwa kazi, hatukukupunguza sisi," alisema mzee, na akaondoka bila kuonja pombe ya mbege aliyokuwa amemiminiwa. Kata ilikaa pale kigodani imejaa, inzi wawili wakaizunguka, hakuna aliyeigusa.

Jumatano Filemon alimpelekea pikipiki fundi mmoja wa Majengo, kwa sababu Bernadetha alimwambia wazi: "Wiki ijayo hutambeba mama na hiyo kitu ikiwa hivyo." Hakujua fundi ni nani mpaka alipoinua kichwa kutoka kwenye beseni la petroli. Alikuwa Wenseslaus. Zamani Filemon aliwahi kurudisha gunia la baba yake mbele ya foleni nzima, kahawa ina unyevu, na mzee wa watu akalibeba tena kilomita sita.

"Bwana Kahawa!" alisema Wenseslaus, akajifuta mikono. "Karibu. Leo umekuja kupima nini?"

Filemon akaeleza. Wenseslaus akashika mkono wa mafuta, akauzungusha, akausikiliza. Wasaidizi wake wawili walisogea. Akautikisa tena, akaung'ata kidogo kama anavyong'atwa punje. "Hii," alisema, "nayo ina unyevu."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Filemon alisimama na kofia mkononi, akangoja kicheko kiishe. Hakikuisha haraka.

Lakini Wenseslaus alikuwa fundi, na fundi wa kweli akiona kasoro hasira inampungua. Alionyesha waya wa mafuta ulivyolegea: mkono unazunguka kwanza bure, halafu waya unakazika ghafla, ndiyo maana inaruka. Akaukaza kwa nati yake ndogo, akabakiza nafasi ya unene wa shilingi. Cheni ilining'inia kama kamba ya nguo, akaivuta. Akasafisha kabureta, akaongeza kidogo mngurumo wa kusimama ili injini isitake kuzimika mtu akipunguza. Akawasha. Ilinguruma sawasawa.

"Hiyo ilikuwa nusu," alisema. "Nusu ya pili ni wewe. Kona unaiingiaje?"

"Naachia mafuta."

"Unaachia yote. Halafu katikati unakumbuka, unavuta. Hapo ndipo unamrusha mama wa watu. Sikiliza. Mwendo upunguze kabla, ukiwa bado umenyooka. Ukiingia kwenye kona, shikilia mafuta kidogo tu, yaleyale, usiongeze, usipunguze. Mguu wa kulia uguse breki ya nyuma, uguse kama unamwamsha mtoto, ubaki hapohapo. Ukiona kona imeisha ndipo unafungua, taratibu. Na mkono huu," alimgonga kwenye kiwiko cha kulia, "mkono huu usitoke hapa. Akipita mbwa, akipita askofu, mkono usitoke."

Filemon akatoa noti. Wenseslaus aliitazama, akairudisha kwenye mfuko wa shati la Filemon na kuupigapiga. "Kaa nayo. Isije ikawa na yenyewe mbichi."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko kicheko. Alisukuma pikipiki mpaka kwenye pembe ya mtaa, asionekane akiiwasha.

Bernadetha alikuwa anashona sare za shule, maana Januari ndiyo mwezi wake. Aliposikia maelezo ya fundi alisimamisha cherehani. "Si ndiyo kola hii," alisema. Akamwonyesha. "Ukifika kwenye kona ya kola, anayejifunza anasimamisha mguu, kitambaa kinakunjamana. Akianza tena, sindano inaruka mshono. Mimi mguu wangu hausimami. Unapungua tu." Akazungusha kola nzima mbele ya macho yake, sindano ikienda tik, tik, tik, bila kukatika.

"Pikipiki si cherehani."

"Sawa. Weka sufuria basi tuone."

Akajaza sufuria maji, akaifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, pale pa kukaa mama. Filemon akashuka mpaka lami, akageuza, akapanda kona zote kumi na moja. Alipofika nyumbani sufuria ilikuwa na maji ya kunawa kidole, na mgongo wake wote umelowa.

Alhamisi akarudia. Ijumaa akarudia mara tatu. Watu walitoka mashambani kumwangalia. "Filemon, siku hizi unauza maji?" "Hapana, anambatiza pikipiki." Yuditha wa jumuiya alimwita kwa sauti kutoka kwenye migomba: "Meku, mzee mzima! Mkeo kakutuma kisimani?" Filemon alikuwa anajifunza kitu, na tangu kituo kifungwe hakuwa amejifunza kitu chochote isipokuwa kungoja. Alianza kuisikia kona kabla haijafika. Alianza kujua kwamba mkono ukitulia, hata moyo unatulia.

Jumapili baada ya misa alipanda na sufuria, akasimama uani, akaifungua mpira na kuibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye kigoda cha mama yake.

"Yamebaki?" aliuliza Mektrida.

"Tia kidole."

Mektrida akatia. Maji yalifika karibu na ukingo. Akatabasamu, akapaka tone kwenye paji la uso. "Umefanya kazi, mwanangu. Lakini nilikuwa nafikiri, hizi Jumanne zilizobaki, kama..."

"Usiogope mama! Mimi na wewe tutapita kama mtu kasimama." Alikuwa ameshageuka kumwita Bernadetha aje aone sufuria.

Jumanne walishuka vizuri. Hospitalini daktari alitoa kikombe cha bati, akasafisha, akainua vidole. Mektrida alivihesabu vyote. Kisha akageuza kichwa taratibu mpaka akampata Filemon, akamtazama muda mrefu. Miaka mitatu alikuwa akimwona kama moshi.

"Umezeeka," alisema. "Nani kakutoa meno ya pembeni?"

"Yalitoka yenyewe, mama."

"Jicho zuri," alisema daktari. "Endeleeni hivyohivyo. Bado Jumanne tatu." Akarudisha kikombe na plasta mpya.

Walianza kupanda saa saba mchana. Mvua ilikuwa imesimama, tope limekauka juu likawa na ukoko. Kona ya kwanza Filemon alipunguza mwendo kabla, akashika mafuta yaleyale, mguu ukagusa breki, wakazunguka. Mektrida hakusema Yesu. Kona ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye daraja lililokatika Mektrida alishuka, akavuka ubao kwa miguu akiwa ameshikwa mkono, akapanda tena. Kona ya tano, ya sita, ya saba. Nyuma yake Filemon alimsikia mama yake anaimba chini chini, wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mavuno. Hakuwa amemsikia akiimba tangu baba afariki.

Kona ya tisa, chini ya mringaringa, Mzee Kastori alisimama na fimbo yake. Hakuwa peke yake. Yuditha alikuwepo na wanawake wawili wenye majani ya ng'ombe kichwani, na wote walikuwa wametulia wakingoja kuona.

Filemon alikuwa ameshaingia kwenye kona. Mafuta yaleyale, mguu kwenye breki. Alimwona mzee ananyanyua fimbo. Honi, alifikiri, hapana. Mkono wa kushoto, hapana. Hayo yote yalipita kichwani kwa muda wa kupepesa jicho. Akanyanyua mkono wa kulia.

"Shikamoo baba mkubwa!"

Mkono wa mafuta ukarudi wenyewe kwa springi yake. Injini ikakaba. Pikipiki ikajikaza katikati ya kona, ikaanza kulala upande wa bonde, Filemon akaurudisha mkono kwa kishindo, ukashika vibaya, ukafungua yote. Ikaruka. Mektrida alitupwa nyuma mpaka chuma kikamshika, halafu akatupwa mbele, na kile kikombe cha bati kikagonga mfupa wa bega la mwanawe.

Hawakuanguka. Wangeanguka, watu wangekimbia, wangelia, ingejulikana kuna jambo. Pikipiki ilinyooka yenyewe ikaendelea kupanda.

"Marahaba, mwanangu!" aliitikia Mzee Kastori nyuma yao, ameridhika. Yuditha na wenzake wakapiga kigelegele kidogo cha utani.

"Mama, uko sawa?"

Mektrida alikuwa ameacha kuimba. "Twende nyumbani," alisema.

Kona ya kumi na kona ya kumi na moja Filemon alizipita vizuri sana.

Bernadetha ndiye aliyeona damu, ilitoka kwenye matundu ya kikombe. "Kumetokea nini?"

"Jiwe," alisema Filemon. "Tulipita juu ya jiwe."

Alisema jiwe kwa Bernadetha. Kesho yake asubuhi, baada ya majirani wanne kumshusha Mektrida kwa machela ya miti na blanketi, polepole, mwendo wa saa nne, alisema jiwe kwa daktari. Daktari alikaa ameinama juu ya jicho kwa muda mrefu, kisha akazima taa yake. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika. Ndani palikuwa pamejaa damu, na kiini kilikuwa kimechungulia nje. Walimrudisha chumba cha upasuaji. Walishona. Baada ya siku tisa walimtolea kitambaa wakainua vidole, na Mektrida akauliza kama tayari wameinua.

Kwa Pamela vilevile alisema jiwe. "Jiwe gani?" Pamela alimuuliza koridoni. "Jiwe gani ambalo hukuliona?" Mathew akamshika mke wake mkono akamtoa nje. Aliporudi alimletea Filemon chai kwenye kikombe cha plastiki, akamwekea karibu. Chai ile ilipoa hapohapo.

Mektrida alirudi Uru kwa machela ileile. Pikipiki iliegeshwa nyuma ya zizi, kuku wakaanza kulalia kiti. Wenseslaus alituma ujumbe kuuliza sufuria imefika wapi, maana habari za maji zilikuwa zimefika mpaka Majengo. Hakujua mengine. Bernadetha alimwambia mjumbe asirudi tena na salamu hizo.

Jumapili ya tatu Pamela na Mathew walipanda kwa miguu, wameleta sukari na mkate. Walikuwa wamekaa uani wote watano, Mektrida kwenye kigoda chake mlangoni, macho yote mawili wazi na hayaoni. Bernadetha alikuwa akimenya ndizi za kupika machalari. Mzee Kastori akaingia. Hakuwa na fimbo. Mikononi alishika jani moja la isale, refu, la kijani, amelifunga fundo.

Watu wa mlimani wote wanajua jani hilo. Mtu haji nalo kusalimia. Anakuja nalo kuomba msamaha kwa jambo ambalo maneno matupu hayalifikii, na anayeletewa hawezi kulikataa. Bernadetha aliacha kisu.

"Mama Pamela," alisema mzee, akapiga goti moja, kwa shida, kwa kuwa magoti yake hayakuwa mazuri. "Nimekuja na jani."

"La nini, baba mkubwa?" alisema Filemon. Sauti yake ilipanda. "La nini? Kulikuwa na jiwe."

"Hapakuwa na jiwe. Barabara ile naikalia kutwa, naijua kila kokoto. Ulinyanyua mkono kwa ajili yangu. Nikafurahi. Nilifurahi siku nzima, Mama Pamela, nikawaambia watu, mmeona? Mtoto kanisalimia. Halafu nikaona machela inashuka."

Pamela alimgeukia kaka yake. Filemon alikuwa anaangalia mikono yake, kama imetoka kwa mtu mwingine. Ndizi moja ilidondoka kwenye karai la maji, na kila mtu akaisikia.

"Najua," alisema Mektrida.

Filemon akainua kichwa.

"Nilikuwa nyuma yako. Bega lako lilipanda juu, halafu nikakusikia unasema shikamoo. Mtu hamwamkii jiwe." Akanyoosha mikono mbele, akipapasa, mpaka vidole vikakuta jani. Akalipitishia kidole kutoka shina mpaka ncha, akaligusa fundo. "Shemeji, jani halikataliwi. Nimelipokea. Inuka, magoti yako yatakuuma kesho."

Mathew ndiye aliyemwinua mzee. Alimshika kwapani, akamkalisha kwenye kigoda, akampanguza vumbi gotini. Mzee Kastori alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Na mimi, mama?" alisema Filemon. Alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Mimi sina jani."

"Wewe ni mwanangu. Wewe huhitaji jani."

"Sema basi. Nikufanyie nini? Unataka nini, mama?"

Mektrida alilikunja jani mapajani, akalikunjua. Upepo ulipita kwenye migomba, na yeye akageuza uso kuufuata, kama mtu anayetazama.

"Sasa ndiyo mnaniuliza," alisema.

Bernadetha alikumbuka benchi la korido, na mkono wake mwenyewe uliomfunika mabega.

"Siku ile nilikuwa na la kusema. Nikasema mimi, mkaninyamazisha. Siku ya sufuria nikasema tena. Mliongea ninyi, aibu ya Filemon, desturi ya mkwe, kihamba, pikipiki, maji. Jicho lilikuwa langu." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ya kila siku, ya kuulizia chumvi. "Ningelala kwenye mkeka. Ningelala jikoni. Mathew hata angenikuta mlangoni kila asubuhi nisingekufa kwa aibu, mimi ni mzee. Wiki nne tu. Nilitaka kukaa kwa Pamela."